Kumzoesha Mtoto wa Mbwa Njia za Kijiji

Njia inayoteremka kutoka Nyakunguru kuelekea bonde la Mto Mara haina utulivu saa 12 na nusu asubuhi. Ng'ombe wanatolewa mazizini, wanafunzi wanapita na vidumu vya maji, akina mama wanarudi kutoka kisimani ndoo kichwani, na pikipiki yenye magunia ya mkaa inapiga honi tangu mbali. Asubuhi moja nilikuwa katikati ya hayo yote, nimembeba mtoto wa mbwa wa wiki 8 ndani ya kikapu cha katani. Kichwa chake tu ndicho kilichokuwa nje, pua ikichezacheza, masikio yakigeuka kila ng'ombe alipolia. Mzee mmoja aliyekuwa akichunga akasimama, akaegemea fimbo yake.

"Shikamoo, baba," nikamwamkia.

"Marahaba. Mura, huyo mbwa anaumwa?"

"Mzima kabisa."

"Kama ni mzima, miguu kapewa ya nini?"

Nilikuwa na haraka, nikamwomba radhi na kumwahidi jibu siku nyingine. Jibu lenyewe ndilo hili. Ninaliandika kwa ajili ya kila aliyepewa mtoto wa mbwa mwaka huu, awe Nyakunguru, Nyamongo, Mugumu au popote pengine, na sasa anajiuliza siku gani amtoe nje ya mji wake.

Kwetu mbwa ana kazi. Hulala karibu na zizi, humbwekea fisi anayenyemelea ndama, humwamsha mwenye mji mgeni wa usiku anapokaribia. Tarime na Serengeti zimeujua wizi wa mifugo kwa miaka mingi, na mtu aliyechoka na kazi za shamba hulala akimtegemea mbwa wake. Kwa hiyo tunapochukua mtoto wa mbwa huwa tunamfikiria mbwa atakayekuwapo baada ya miaka miwili, na huyu mdogo tuliye naye tunamwacha ajilee mwenyewe. Njia zilizozoeleka ni mbili. Wengine humfunga kamba kwenye mti tangu siku ya kwanza ili awe mkali. Wengine humwachia awafuate watoto popote waendapo, kisimani, machungani, gulioni. Ile ya kwanza huharibu tabia. Ya pili huua.

Nianze na inayoua, kwa sababu niliiona nyumbani kwangu. Miaka michache iliyopita nilipewa mtoto wa mbwa mwenye rangi ya udongo na doa jeupe kifuani, tukamwita Bobi. Alikuwa na wiki 10, amechomwa sindano moja ya chanjo, nami dukani nilikoinunua niliambiwa kwamba imetosha. Nikaenda naye mnadani akinifuata kwa miguu yake. Pembeni ya mahali pa kuchinjia palikuwa na mbwa wengi na kinyesi chao, naye akanusa kila kitu kama watoto wa mbwa wanavyonusa. Siku ya tano baada ya hapo akagoma kula. Jioni akatapika povu la njano. Kesho yake akaanza kuharisha damu yenye harufu ambayo sijaisahau mpaka leo, na alfajiri ya siku ya tatu ya ugonjwa nikamkuta amelala ubavu karibu na sufuria yake ya maji, ulimi umekauka. Ilikuwa pavo.

Pavo si ugonjwa wa zamani. Ulitambuliwa mwaka 1978, na katika muda mfupi ukaenea karibu dunia nzima kwa sababu mbwa hawakuwa na kinga nao. Kirusi chake hakihitaji mbwa mgonjwa awe mbele yako. Hukaa udongoni, hasa penye kivuli na unyevu, kwa miezi mingi, hata kufikia mwaka. Husafiri kwenye kandambili, kwenye kwato na kwenye tairi la baiskeli. Sabuni ya kawaida haikiui. Kinachokiua ni jiki, sehemu 1 kwa sehemu 30 za maji, ikimwagwa mahali palipokwisha kuondolewa uchafu wote. Ndiyo maana mtoto wa mbwa ambaye hajakamilisha chanjo hapaswi kukanyaga mahali wanapopita mbwa wengi: gulioni, mnadani, machinjioni, jalalani, kwenye kijiwe cha bodaboda. Na nyumba iliyofiwa na mbwa kwa kuharisha damu isilete mtoto mwingine asiyechanjwa kabla ya miezi mingi kupita. Nilisubiri zaidi ya mwaka kabla ya kumchukua huyu wa kikapuni.

Wafugaji watanielewa haraka nikisema habari ya dang'a. Hakuna mchungaji wa Mara asiyejua kwamba ndama asiyenyonya dang'a siku ya kwanza ni ndama wa mashaka. Mbwa naye ni vivyo hivyo. Kinga ya mama humfikia mtoto kupitia maziwa yale ya mwanzo na kumlinda kwa wiki kadhaa, kisha hupungua. Kwa mmoja katika wiki ya 6, kwa mwingine wiki ya 12, kwa wachache hata wiki ya 16. Ugumu uko hapo. Kinga ya mama ikiwa bado ina nguvu, huizima chanjo nayo isifanye kazi. Ikishapungua, mtoto yuko wazi. Hakuna anayeweza kumtazama mtoto wa mbwa akajua kinga ya mama yake itaisha wiki gani, kwa hiyo chanjo hurudiwa: ya kwanza akiwa na wiki 6 hadi 8, kisha kila baada ya wiki 2 hadi 4, mpaka afikishe wiki 16. Bobi alipata ya kwanza, na huenda dang'a ya mama yake ndiyo iliyoizima.

Chanjo hiyo ya pavo, ambayo mara nyingi huwa pamoja na ya distempa, ugonjwa mwingine wa mbwa, ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na joto huiharibu. Ukiinunua Tarime mjini au Mugumu, hakikisha inatolewa kwenye friji mbele ya macho yako, isafirishe ndani ya chupa ya chai yenye barafu, na ichanganywe dakika ile ile inapotaka kuchomwa. Chanjo ya kichaa cha mbwa ni imara zaidi. Utafiti wa Felix Lankester na wenzake, uliofanyika Tanzania na kuchapishwa 2016, ulionyesha kwamba chanjo moja ya kichaa ilibaki na nguvu hata baada ya kukaa miezi kadhaa kwenye joto la nyuzi 25. Habari hiyo ni njema kwa vijiji visivyo na umeme wa uhakika, ila haimpi mtu ruhusa ya kuweka chanjo nyingine dirishani.

Distempa nayo tusiihesabu kuwa balaa la mbwa peke yao. Mwaka 1994 iliwaingia simba wa Serengeti, ikaua karibu theluthi yao, na uchunguzi ukaelekeza kwa mbwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi. Baada ya hapo ndipo ilipoanza kazi kubwa ya kuwachanja mbwa wa vijiji hivyo. Mtoto wa mbwa unayemlea jirani na hifadhi ana majirani wengi kuliko unaowaona.

Msomaji atauliza: kama nje kuna hatari zote hizi, si afadhali nimfungie ndani mpaka wiki ya 16? Hapana, na sababu yake ndiyo iliyonifanya ninunue kikapu.

John Paul Scott na John Fuller, watafiti wa Marekani waliowachunguza mbwa kwa miaka mingi huko Bar Harbor katika jimbo la Maine, walichapisha mwaka 1965 kitabu kilichobadilisha namna ya kuwalea. Walionyesha kwamba mtoto wa mbwa ana kipindi kifupi, kuanzia wiki ya 3 hadi ya 12 au 14 hivi, ambacho moyo wake hupokea mambo mapya bila shida. Anachokutana nacho kwa upole katika wiki hizo hukiona cha kawaida hadi uzeeni. Asichokutana nacho hukiogopa, na mbwa mwenye hofu ndiye anayeuma. Wale wanaomfunga mtini ili awe mkali hupata mbwa anayemuuma mtoto wa jirani mchana na kumkimbia mwizi usiku. Kulinda hakufundishwi kwa kamba na njaa. Mbwa aliyekua akiwajua watu wake na njia zake huanza mwenyewe kubwekea asiyemjua anapokaribia umri wa mwaka.

Weka hesabu hizo mbili pamoja. Chanjo hukamilika wiki ya 16. Mlango wa mazoea hujifunga wiki ya 14. Anayesubiri chanjo ziishe ndipo amtoe, anamtoa amechelewa. Kwa hiyo mtoto atoke mapema, macho na masikio yatangulie, miguu ifuate baadaye. Baba yangu wa njiani, miguu kapewa ya kutembelea, ila ardhi ya gulioni bado si yake.

Mtoto wa mbwa aachishwe mama akiwa na wiki 8. Wengi wetu huwachukua wakiwa na 5, na wiki hizo tatu alizonyimwa ni zile ambazo ndugu zake wangemfundisha kuuma taratibu. Mpe siku mbili tatu azoee nyumba, kisha anza. Weka kanga kuukuu ndani ya kikapu, mbebe ubavuni mwako ili asikie joto lako, tembea dakika 10 hadi 15, rudi. Kila siku jambo moja. Siku ya ng'ombe, simama kando wakati wanatoka zizini. Siku ya shule, simama ng'ambo ya uwanja wakati wa mapumziko watoto wanapopiga kelele. Siku ya mashine ya kusaga, siku ya barabarani, siku ya kwaya inapofanya mazoezi na ngoma. Mvua ikinyesha, kaa naye chini ya bati asikie mlio wake. Mtu mwenye mwavuli, mtu mwenye magongo, mtu aliyevaa kofia ya pikipiki, kila mmoja ni somo.

Mfukoni uwe na dagaa wakavu wasio na chumvi. Dagaa ndiye malipo na ndiye kipimo. Ng'ombe anapolia, mpe mmoja. Akimchukua na kumtafuna huku anaendelea kutazama, yuko sawa. Akimkataa, au akimwacha aanguke kutoka mdomoni, umemsogeza karibu mno. Mtazame vizuri: masikio yamelala nyuma, analamba pua yake mwenyewe mara kwa mara, anapiga miayo wakati hana usingizi, weupe wa jicho unaonekana pembeni. Usimkemee wala usimsogeze zaidi ili azoee kwa nguvu. Rudi nyuma hatua 10 au 20 mpaka amkubali tena dagaa, mkae hapo kidogo, kisha mwende nyumbani. Huyu wangu alikataa dagaa siku nne mfululizo mbele ya mashine ya kusaga. Siku ya tano tulisimama chini ya mwembe ulio mbali nayo, akala. Baada ya wiki mbili alikuwa analala kikapuni huku mashine inaunguruma.

Kuku wapewe siku zao peke yao, kwa sababu mbwa anayeua kuku kijijini hana maisha marefu. Mkalishe kikapuni mahali kuku wanapodonoa. Kila anapowaacha na kukutazama wewe, mpe dagaa. Usimruhusu kuwakimbiza hata mara moja, hata kama ni mdogo na watoto wanacheka, maana leo anacheza, na akifikisha miezi minane mchezo ule ule utaleta kesi kwa mwenyekiti wa kitongoji. Mbuzi na ndama wafundishwe vivyo hivyo.

Miguu yenyewe ianzie nyumbani. Ndani ya ua wako, mahali ambapo hapajafa mbwa kwa kuharisha, anaweza kutembea tangu siku ya kwanza. Kwa jirani mwenye mbwa mzima aliyechanjwa pia anaweza kwenda, na mbwa mkubwa mpole humfundisha adabu kuliko sisi. Humo humo ndani azoeshwe mkanda wa shingoni. Kitambaa cha turubai au pamba kinafaa, kiwe na nafasi ya vidole viwili kati yake na shingo, na ukilegeze kila wiki kwa sababu anakua haraka. Nimeona mbwa ambaye mkanda wa utotoni ulimkata ngozi. Waya usitumike kabisa, na kamba ya katani tupu huchubua. Mfunge kamba nyepesi ya mita 2, umwachie aiburute siku mbili tatu huku unamwangalia. Kisha shika ncha, chuchumaa, mwite jina, mlipe akija. Akigoma usimvute. Kamba iwe na ulegevu kati yenu, naye ajue kwamba kukufuata kuna faida.

Wiki moja au mbili baada ya chanjo ya mwisho, mshushe njiani kwa miguu yake. Hapo ndipo linapokuja kosa ambalo watoto wetu hulifanya kwa mapenzi, la kumpeleka machungani siku nzima. Mifupa ya mtoto wa mbwa bado ni laini mahali inaporefukia. Kipimo kinachotumiwa na wengi ni dakika 5 za mwendo kwa kila mwezi wa umri wake, mara moja au mbili kwa siku. Si sheria ya kisayansi, lakini inamlinda. Wa miezi 4 atembee dakika 20. Kumfuata ng'ombe kutoka asubuhi mpaka saa 11 jioni ni kazi ya mbwa mzima. Mdogo hufika mahali akachoka, akalala kivulini, kundi likaondoka, na jioni mtoto analia kwamba mbwa amepotea. Porini usiku fisi hamwachi. Mwambie kijana wako waziwazi: huyu haendi machungani kabla hajafikisha mwaka, na siku atakayoanza ataanza kwa nusu siku.

Saa za kutoka ni kabla ya saa 3 asubuhi na baada ya saa 10 jioni, na mrudi kabla giza halijaingia. Jua likiwa kali weka mgongo wa kiganja chako juu ya ardhi au lami uhesabu mpaka saba. Ukishindwa kuvumilia, nyayo zake nazo zitashindwa. Majani marefu yamwogopeshe mwenye mbwa kuliko mbwa mwenyewe: kifutu hulala kimya pembeni ya njia na haondoki akisikia hatua, na pua ya mtoto wa mbwa ndiyo inayomfikia kwanza. Tembea njia nyeupe, iliyo wazi. Mtoni usimshushe. Mto Mara una mamba, na mnyama mdogo anayeinama kunywa ukingoni ndiye mawindo rahisi kuliko yote. Beba maji yake kwenye chupa.

Barabara inataka maneno ya peke yake. Tangu mgodi wa dhahabu wa North Mara uanze uzalishaji mwaka 2002, magari makubwa yameongezeka katika njia za Nyamongo, na pikipiki nazo hazihesabiki. Mtoto wa mbwa hajui umbali wa gari. Akisikia honi hujikunja pale pale alipo au hukimbilia upande usiofaa. Mpaka afikishe miezi sita, mvushe barabara ukiwa umembeba. Baada ya hapo mfundishe kusimama na kukaa kila mnapofika ukingoni, kila mara, hata kama hakuna gari linaloonekana, na kamba isitoke mkononi mwako.

Mkirudi nyumbani kaa naye chini dakika tano umkague. Huu ndio muda ninaoupenda kuliko yote. Mlaze chali mapajani mwako, tenganisha vidole vya mguu kimoja kimoja. Funza huonekana kama nukta nyeusi yenye duara jeupe, mara nyingi pembeni ya kucha au kwenye kisigino, naye mtoto huanza kuchechemea au kujilamba mguu mmoja kabla hujaona chochote. Mtoe kwa sindano iliyochemshwa, safisha kidonda, na ufagie mahali anapolala, umwagie maji vumbi lake. Pitisha vidole ndani ya masikio, chini ya kwapa na kati ya mapaja kutafuta kupe. Mshike kupe karibu kabisa na ngozi, mvute taratibu bila kumzungusha. Usimpake mafuta ya taa wala oili chafu. Huunguza ngozi, na mtoto hujilamba akanywa sumu. Dawa ya josho la ng'ombe pia si yake. Baadhi ya dawa hizo zina amitrazi, ambayo kwa mbwa mdogo ni hatari, na kipimo cha ng'ombe kinaweza kumuua. Nenda kwa afisa mifugo wa kata, mweleze umri na uzito, akupe ya mbwa. Akilegea, fizi zikawa nyeupe na mkojo ukawa mwekundu, usingoje kesho, kwa maana kupe huleta homa zinazoua haraka. Kwenye vichaka vyenye ndorobo ujue kwamba ugonjwa wa nagana hauchagui ng'ombe tu.

Dawa ya minyoo apewe kila baada ya wiki mbili mpaka afikishe wiki 12. Mkichinja, msimrushie ini wala mapafu mabichi yenye vifuko vya maji. Humo mna mabuu ya tegu, ambayo hukua ndani ya mbwa, na mayai ya tegu huyo hurudi kwa watoto wenu kupitia kinyesi cha mbwa.

Njiani mtakutana na watu, na mbwa wako ni mgeni kwao. Si kila mtu anataka kunuswa. Jirani Mwislamu akirambwa na mbwa lazima ajitwaharishe kabla ya swala, na hilo ni jambo la kuheshimiwa bila kuombwa. Ukimwona mzee au mama aliyebeba chakula, fupisha kamba, pisha njia, salimia. Watoto wafundishe kuuliza kwanza. Wakimkubali, wasimame wima bila kukimbia, wamnyooshee mgongo wa mkono anuse, wamguse kifuani wala si kichwani. Mtoto wa mbwa aliyeshikwa kwa upole na watoto kumi tofauti kabla ya wiki ya 12 amefundishwa zaidi ya anavyoweza kufundishwa na fimbo ya mwaka mzima.

Nimeacha kichaa mwisho kwa sababu ndicho kinachotugusa sisi wenyewe. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba kichaa huua watu 59,000 kila mwaka duniani, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na kati ya kila kumi, wanne ni watoto walio chini ya miaka 15. Kwa Tanzania, makadirio yaliyochapishwa mwaka 2002 yalitaja vifo karibu 1,500 kwa mwaka. Dalili zikishatokea, hospitali haina cha kufanya zaidi ya kumpunguzia mgonjwa mateso. Mtu akiumwa au kuchubuliwa na mbwa, hata mtoto wa mbwa, aoshwe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kisha apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo akachanjwe. Mtoto wa mbwa anayebadilika ghafla tabia, akashindwa kumeza, akatokwa mate, asishikwe kwa mkono na mtu yeyote.

Wengi huwaacha watoto wa mbwa nyumbani siku ya kampeni ya chanjo kwa kuwa waliambiwa lazima wafikishe miezi mitatu. Shirika la Afya Duniani linashauri wachanjwe nao kwenye kampeni hata wakiwa na umri mdogo, kwa sababu miili yao huipokea chanjo, na kampeni inayofuata huenda iko mwaka mzima mbele. Ili ugonjwa ukatike kijijini, mbwa 70 kati ya kila 100 wachanjwe, na hao wadogo ni sehemu kubwa ya idadi hiyo. Ila siku hiyo uwanjani kuna mbwa wengi kuliko siku yoyote ya mwaka, na pavo ile ile iko miguuni mwao. Basi usimburute kwa kamba kama watoto wafanyavyo. Usimweke chini. Fika mapema, mwombe mchanjaji akuhudumie mbele, chukua kadi yake na uitunze pamoja na kadi za kliniki za watoto, kisha arudiwe chanjo atakapofikisha miezi mitatu.

Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni tarehe 28 Septemba, na kampeni nyingi hupangwa kuizunguka siku hiyo. Muulize afisa mifugo wako wiki hii kama tarehe ya kijiji chenu imepangwa. Ikitangazwa, mtie mtoto wako wa mbwa kikapuni, mfunike kanga, mwende.